Utando wa Jicho: Historia ya Vikope Katika Nyanda za Kati

Mkiwa ni njia panda. Ukitoka Dodoma, ukapita Bahi na Manyoni kuelekea Singida, hapo ndipo barabara ya Itigi inapochepuka kwenda Rungwa, Makongolosi na hatimaye Mbeya. Ni nchi ya Wanyaturu, na Wagogo hawako mbali. Watu wanalima alizeti, mtama na uwele, wanafuga ng'ombe na mbuzi, na wanategemea mvua ya msimu mmoja inayoanza Desemba hivi na kukoma Aprili. Baada ya hapo ni miezi ya vumbi, upepo, na maji ya kufukua kwenye mchanga wa mito iliyokauka.

Ukanda huu mkavu, kuanzia Kongwa upande wa mashariki hadi Singida upande wa magharibi, umebeba kwa vizazi vingi mzigo wa ugonjwa wa macho ambao wataalamu wanauita trakoma na watu wengi wanauita vikope. Wazee waliopofuka kwa vikope hawakuharibikiwa kitu kilichojificha ndani kabisa ya jicho. Uharibifu ulianzia kwenye utando wa juu, tabaka la seli hai ambalo juu ya kioo cha jicho lina unene wa sehemu moja ya ishirini ya milimita. Historia ya vikope ni historia ya utando huo: jinsi ulivyofahamika, jinsi adui yake alivyojificha ndani yake kwa nusu karne bila kukamatwa, na jinsi watu wa nyanda za kati walivyosaidia kuufundisha ulimwengu namna ya kuulinda.

Mwaka 1838, huko Berlin, mwanaanatomia Mjerumani Jakob Henle alichapisha kazi yake juu ya namna tishu ya epithelia inavyosambaa mwilini. Alionyesha kwamba kila uso wa mwili ulio wazi, uwe wa nje kama ngozi au wa ndani kama utumbo na mirija ya pumzi, umefunikwa na seli za aina hii. Akazigawa kwa maumbo yake: zilizo bapa, zilizosimama kama nguzo, na zenye vinyweleo vinavyopepea. Mgawanyo huo, pamoja na yaliyoongezwa baadaye, ndio unaofundishwa mpaka leo katika vyuo vya uganga na uuguzi.

Seli za epithelia zimebanana kama punje za hindi kwenye gunzi, hakuna nafasi kati yake. Zimekalia utando wa msingi, na chini ya utando huo ndiko iliko mishipa ya damu. Ndani ya epithelia yenyewe damu haifiki. Chakula na oksijeni huipata kwa kupenyezewa kutoka chini, au, kwa kioo cha jicho, kutoka kwenye machozi na hewa. Kila seli ina upande unaotazama nje na upande unaotazama ndani, na kazi za pande hizo mbili si moja.

Umbo hufuata kazi. Kwenye vifuko vya mapafu, ambako hewa lazima ipite upesi kuingia kwenye damu, epithelia ni tabaka moja la seli bapa, nyembamba mno. Kwenye mirija ya figo seli ni za mchemraba, zenye nguvu ya kurudisha chumvi na maji mwilini. Kwenye utumbo mwembamba ni nguzo zenye vijidole vidogo vya kufyonza chakula, na kati yake zimo seli za kutoa ute. Koo la hewa lina vinyweleo vya kufagia vumbi, jambo ambalo mtu wa Mkiwa analihitaji mwezi wa Septemba kuliko mtu wa Tanga. Kibofu cha mkojo kina epithelia inayotanuka na kusinyaa. Ngozi ina tabaka nyingi, na za juu kabisa zimekufa na kukakamaa ili zizuie maji na vijidudu. Na kwa kuwa zote zinachakaa kwa kazi, zote zinajizalisha upya: za utumbo kwa siku tatu hadi tano, za ngozi kwa muda wa kama mwezi mmoja.

Kwenye jicho aina mbili zinakutana. Kioo cha jicho, yaani konea, kimefunikwa na tabaka tano hadi saba za seli ambazo za juu ni bapa, lakini hazikakamai kama za ngozi. Zinabaki hai, laini na zenye unyevu, ndiyo maana mwanga unapita. Zimejaa ncha za mishipa ya fahamu, hivyo chembe moja tu ya mchanga inatosha kumliza mtu mzima. Seli mama zinazozizalisha zimekaa pembeni, pale weusi wa jicho unapopakana na weupe, na kwa muda wa wiki moja hivi utando wote unakuwa umebadilishwa. Ukipanda juu, nyuma ya kope, unakuta utando wa aina nyingine: seli zilizosimama kama nguzo, zikichanganyika na seli za ute unaoshikiza machozi juu ya jicho. Ni utando laini na wenye joto, nao huoshwa kwa machozi saa zote. Hapo ndipo mdudu wa vikope anapoishi.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Mafunjo ya Misri yanayoitwa ya Ebers, ya mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo, yanautaja pamoja na dawa zake. Jeshi la Napoleon lilipoingia Misri mwaka 1798, askari wa Ufaransa na baadaye wa Uingereza walirudi kwao na macho mekundu yanayotoa usaha, ugonjwa ukaenea katika kambi za Ulaya. Hospitali ya macho ya Moorfields ya London ilifunguliwa mwaka 1805 katika mazingira hayo. Kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari walibishana kama chanzo ni vumbi, jua, hewa mbaya au maambukizo.

Jibu la kwanza la kweli lilitoka kisiwani Java mwaka 1907. Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek walikuwa huko katika msafara wa Albert Neisser wa kuchunguza kaswende. Wakachukua uchafu wa macho ya wagonjwa wa vikope, wakaupandikiza kwenye macho ya orangutani, kisha wakakwangua seli za utando wa kope na kuzitia rangi ya Giemsa. Chini ya hadubini, ndani ya seli za epithelia, kando ya kiini, waliona vifuko vilivyojaa punje ndogo sana. Wakatambua kwamba wamemwona mdudu anayeleta ugonjwa. Lakini kumwotesha maabara hawakuweza, wala waliowafuata hawakuweza kwa miaka hamsini.

Sababu ya kushindwa ilikuwa ndani ya epithelia yenyewe. Klamidia, kama anavyoitwa sasa, ni bakteria asiyeweza kuzaliana nje ya seli hai. Akiwa nje ni punje kavu ya kiasi cha sehemu tatu za kumi za mikroni, isiyofanya lolote. Akifika kwenye seli ya nguzo ya utando wa kope, seli inammeza. Ndani yake anabadilika umbo, anakua, anagawanyika tena na tena akitumia mali ya mwenyeji wake, na baada ya siku mbili au tatu seli inapasuka na kumwaga punje mpya mamia kwa seli jirani. Mtu akimtafuta kwenye mchuzi wa maabara, hata uwe na virutubisho vya namna gani, hatampata. Ndivyo ilivyompata Hideyo Noguchi wa Taasisi ya Rockefeller, bingwa wa wakati wake, aliyetangaza mwaka 1927 bakteria mwingine kabisa; madai yake hayakusimama.

Aliyefanikiwa ni Tang Feifan wa Beijing. Alipandikiza vikope kwenye kiini cha yai la kuku lenye kiinitete, akapata mdudu, akachapisha matokeo mwaka 1957. Ili kuthibitisha, alijitia vijidudu hivyo jichoni mwake mwenyewe, akaugua vikope. Mwaka uliofuata alikufa, akiwa ameandamwa katika msukosuko wa kisiasa wa nchi yake. Kila dawa ya vikope iliyojaribiwa tangu hapo ina deni kwake, na kwa maoni yangu jina lake lilistahili kujulikana kwetu kama majina ya Koch na Pasteur yanavyojulikana.

Sasa tuangalie ugonjwa unavyokwenda kwa karibu, maana hapo ndipo watu wengi, hata wenye elimu, hawaelewi. Mtoto wa miaka mitatu anaamka na tongotongo. Nzi wanatua, wanakunywa, wanahamia kwa mdogo wake. Mama anamfuta kwa pindo la kanga, kisha anamfuta mwingine kwa pindo lilelile. Klamidia anaingia kwenye seli za utando wa kope la juu. Seli zinakufa, lakini epithelia inajua kujitengeneza, na baada ya wiki kadhaa jicho linaonekana limepona. Mara moja haipofushi mtu. Kinachopofusha ni kurudiwa, mwaka hadi mwaka, utoto mzima.

Kila maambukizo yanaita askari wa mwili, yaani seli za kinga, chini ya epithelia. Ukigeuza kope la juu la mtoto mgonjwa unaona vipele vyeupe vidogo: hayo ni makundi ya askari hao. Vita vikirudiwa, nyama ya chini inajaa makovu, na seli za ute zinapungua. Katika utu uzima makovu yanasinyaa, yanavuta ukingo wa kope kuelekea ndani, na nywele za kope zinageukia jicho. Mtu anapepesa macho zaidi ya mara elfu kumi kwa siku. Kila anapopepesa, nywele zinakwangua utando wa konea. Epithelia inajaribu kuziba jeraha, inakwanguliwa kabla haijaziba. Mwishowe inajihami kwa njia ambayo ni hasara: inakakamaa kama ngozi, mishipa ya damu inaingia mahali ambapo damu haikutakiwa, vidonda vinaacha kovu jeupe. Mwanga haupiti tena.

Akina mama wa nyanda za kati walijitafutia nafuu: kung'oa nywele hizo kwa kibano. Nafuu ilikuwepo kweli, ila nywele zilirudi, na zikiwa zinaota upya huwa fupi na ngumu. Kwa kuwa wao ndio wanaolala na kushinda na watoto, wanawake ndio wanaoambukizwa tena na tena. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na vikope hadi mara nne zaidi ya wanaume.

Mwaka 1987 Shirika hilo lilitoa alama tano rahisi za kupima vikope, kuanzia vipele vya mtoto hadi konea iliyopofuka, ambazo mhudumu wa kijiji angeweza kuzitumia akiwa na tochi na kioo cha kukuzia. Wakati huohuo, wilayani Kongwa, kazi kubwa ilikuwa imeanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakiongozwa na Sheila West na Hugh Taylor, walishirikiana na wataalamu wa Kitanzania, miongoni mwao B. B. O. Mmbaga, Z. Chilangwa na A. Kayongoya. Kongwa dunia iliijua kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa baada ya miaka michache, ukame ukiwa miongoni mwa sababu. Safari hii ukame uleule ulikuwa ndio somo.

Waligundua jambo ambalo lilihitaji unyenyekevu kulikubali. Kaya zilizo mbali na maji zilikuwa na vikope zaidi, lakini kiasi cha maji kilichofika nyumbani hakikuamua nani anaugua. Kilichoamua ni matumizi yake: je, uso wa mtoto unaoshwa? Wengi waliamini kumwosha mtoto uso kunahitaji maji mengi, na maji ya kubebwa kichwani kwa saa nzima hayachezewi. Wakafanya jaribio mbele ya wanakijiji, wanaume na wanawake, kuhesabu nyuso ngapi zitaoshwa kwa lita moja. Zilioshwa nyingi kupita walivyodhani. Naliona jaribio hilo kuwa tukio kubwa kuliko mengi yaliyofanyika maabara, kwa sababu liliwaachia akina baba na akina mama hesabu waliyoiona kwa macho yao. Kisha vijiji sita vikapewa dawa ya tetrasaiklini, vitatu kati yake vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: katika vijiji vya kampeni, vikope vikali kwa watoto vilipungua zaidi.

Utando wa jicho ulikuwa na adui mwingine katika nchi hii, na habari yake haitenganishiki na hii. Mwaka 1925 watafiti Wolbach na Howe walionyesha huko Marekani kwamba panya wakinyimwa vitamini A, epithelia zao, za macho, za njia ya hewa na za mkojo, zinaacha kuwa laini na kugeuka ngumu kama ngozi. Seli zinasahau kazi yake. Kwa mtoto, konea inakauka na kulainika hadi kuyeyuka, wakati mwingine kwa siku chache. Surua ndiyo inayomsukuma huko, maana inaunguza epithelia ya mwili mzima kwa wakati mmoja na kumaliza akiba ndogo ya vitamini A iliyokuwa mwilini.

Katika hospitali ya Mvumi, kusini mashariki ya Dodoma, daktari wa macho Allen Foster alikuwa akiwapokea watoto hao. Yeye na Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 uchunguzi wa vidonda vya konea kwa watoto wa Tanzania: zaidi ya theluthi walikuwa wametoka kuugua surua, na wengine waliumizwa na dawa za majani zilizotiwa jichoni kwa nia njema. Mwaka huohuo ilitoka taarifa nyingine ya Mvumi, ambayo mtafiti Barclay aliiandika pamoja na Foster na Sommer. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa walikufa 12. Kwa walio chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: mmoja dhidi ya saba. Dawa iliyodhaniwa kuwa ya macho ilikuwa inaokoa mapafu na matumbo, kwa kuwa yote yamefunikwa na tishu ya ukoo mmoja. Leo vitamini A ni sehemu ya tiba ya surua duniani kote, na ushahidi wake wa mwanzo ulipatikana pia kwenye wodi za Ugogoni.

Kwa vikope, dawa iliyobadili mambo ilikuwa azithromaisini. Mwaka 1993 Robin Bailey na wenzake walionyesha huko Gambia kwamba dozi moja ya kumeza inafanya kazi sawa na wiki sita za kupaka dawa ya macho. Dozi moja! Mwenye kumjua mtoto wa miaka miwili anajua maana ya kumpaka mafuta jichoni mara mbili kila siku kwa wiki sita. Mwaka 2000, katika kitongoji cha Kahe Mpya wilayani Rombo, timu ya mtafiti Anthony Solomon pamoja na Patrick Massae na John Shao wa hospitali ya KCMC iliwapa dawa hiyo karibu wakazi wote 978 kwa mara moja. Maambukizo yalikuwa asilimia 9.5 kabla ya dawa. Baada ya miezi miwili yalikuwa 2.1, na baada ya miaka miwili asilimia 0.1. Tanzania ilikuwa tayari miongoni mwa nchi za kwanza kupokea dawa ya msaada kwa ajili ya kugawa vijiji vizima.

Kwa wale ambao kope zao zimekwisha kugeuka, kidonge hakisaidii, ni upasuaji. Njia mojawapo inayotumika sana ilipimwa kwa makini huko Oman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992: kope linakatwa kwa mlalo na ukingo wake kugeuzwa nje, kwa ganzi ya sindano, mgonjwa akirudi nyumbani. Oman, iliyokuwa na vikope vingi, mwaka 2012 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imevitokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Morocco ilifuata 2016, Ghana 2018, jirani zetu Malawi 2022. Duniani, watu waliokuwa wakiishi katika maeneo ya hatari walikuwa bilioni 1.5 mwaka 2002. Kufikia 2024 walikuwa milioni 103. Jina la Tanzania halijaingia kwenye orodha ya waliomaliza.

Malawi imefika, na mvua zake nazo ni za msimu. Kwa hiyo ukame wa Mkiwa si udhuru wa kutosha. Kinachohitajika kwa serikali ni visima na mabomba yanayotoa maji Oktoba kama yanavyotoa Machi, kwa sababu dawa bila maji hupunguza ugonjwa kwa muda tu, kisha watoto wanaambukizana tena. Kwa wazazi ni kuosha uso wa kila mtoto kila siku, kila mmoja na kitambaa chake, na kuwapeleka walio kati ya miezi 6 na miezi 59 kupata matone ya vitamini A yanapotolewa Juni na Desemba, pamoja na chanjo ya surua. Na kama nyumbani kwako yupo bibi au mama anayejing'oa kope kwa kibano, anayekwepa mwanga na kutokwa machozi, usimwambie kuwa ni uzee. Mpeleke kwenye kituo cha afya wiki hii na uombe aonwe na mtaalamu wa macho, kabla konea haijaota kovu. Kope linaweza kunyooshwa kwa upasuaji wa muda mfupi, lakini konea iliyokwisha kuwa nyeupe haioshwi na dawa yoyote.